BIMA NDOGO, HATARI KUBWA

Hapa Bariadi vumbi ni lile lile, pamba ni ile ile, na pikipiki zinaongezeka kila msimu.

Wiki iliyopita bima ya pikipiki yangu iliisha. Kwa wasiofahamu, hiyo pikipiki ndiyo ofisi yangu. Mwandishi wa habari wa mkoani hasubiri gari la kampuni. Ukisikia tembo wameingia mashambani kule Itilima, au bei ya pamba imeleta ubishi Maswa, unafunga helmeti na kuondoka.

Sasa nikiri jambo moja kabla wanaonifahamu hawajaniumbua. Mimi ni dereva wa hatari. Ndani ya miaka miwili nimeanguka mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa masika, udongo wetu mweusi ukiwa umelowa na mimi nikiwa na haraka ya kuwahi mkutano. Mara ya pili nilimgonga ng'ombe barabara ya Lamadi, saa ile ya magharibi ambapo huoni vizuri na taa unaona aibu kuwasha. Mwenye ng'ombe alikuja mbio, akanitazama pale chini kwa huruma, kisha akamuuliza mwenzake kama ng'ombe ni mzima!

Ng'ombe alikuwa mzima. Mimi nikabaki na kovu la goti na deni la fundi.

Kwa hiyo nilipokwenda kwa wakala wa bima pale karibu na stendi, nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuungama. Nilijua nitaulizwa historia yangu, nitasemwa, na bei itapandishwa. Mambo yalikwenda hivi:

– Mwangaluka mayu.

– Mwangaluka, mwanangu. Karibu. Bima ya nini?

– Ya pikipiki.

– Namba?

Nikamtajia.

– Binafsi au biashara?

– Binafsi.

– Haya. Ndogo hiyo.

– Nilikuwa nataka kubwa, mayu.

Akacheka mpaka akavua miwani.

– Bima kubwa ya pikipiki? Mwanangu, kampuni ninazouzia mimi hazitaki hata kuisikia. Chukua ndogo uende ukaandike habari zako.

Nikalipa kwa simu. Dakika kumi, kazi imekwisha. Leseni hakuniuliza. Kuanguka hakuniuliza. Ng'ombe hakuniuliza.

Nyuma yangu alikuwa amesimama mwalimu mmoja mstaafu, mzee wangu ninayemheshimu sana. Anaendesha pikipiki tangu mimi sijazaliwa na, kwa maneno yake mwenyewe, hajawahi kukanyaga hata kifaranga. Naye akaulizwa maswali yale yale. Naye akalipa kama nilivyolipa mimi, senti kwa senti.

Nilitoka pale nikiwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani kwa kuibia. Lakini nilipofika kijiweni kunywa kahawa furaha ikaisha. Kama bei yangu na ya mwalimu ni moja, basi mwalimu anaulipia uzembe wangu. Na baya zaidi, hiyo bima yenyewe haitamsaidia yeye wala mimi siku tukilala barabarani.

Hapo ndipo ninapotaka tuongee leo.

DARASA FUPI

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza kutumia chombo cha moto barabarani bila bima inayomlinda "mtu wa tatu". Hiyo ndiyo tunaiita bima ndogo. Wengi tunainunua bila kujiuliza huyo mtu wa tatu ni nani. Hesabu ni rahisi: mtu wa kwanza ni wewe uliyekata bima, wa pili ni kampuni, wa tatu ni yule uliyemgonga.

Ukisoma vizuri utaona kwamba wewe haumo. Umelipa wewe, stika ni yako, lakini haumo. Ukivunjika mguu kwa kosa lako mwenyewe, bima ndogo haikujui. Pikipiki ikigeuka chuma chakavu, haikujui.

Bima kubwa ndiyo inayoingia mpaka kwenye chombo chako. Kwa gari dogo la binafsi kiwango kilichozoeleka ni asilimia 3.5 ya thamani yake. Gari la milioni 10 ni Sh 350,000, weka VAT ya asilimia 18 unafika Sh 413,000. Bima ndogo ya gari hilo hilo imezoeleka kuwa Sh 118,000, yaani laki moja na VAT yake. Utaona kwa nini watu wanakimbilia ndogo. Laki tatu za tofauti siyo vijisenti.

Anayesimamia biashara hii ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, chini ya sheria ya mwaka 2009. Wazee wetu wanakumbuka enzi ambapo bima yote ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, NIC, tangu 1967 mpaka sheria ya 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Leo kampuni ni nyingi, lakini bima ndogo ina viwango vya chini vilivyowekwa. Kwa hiyo yule jamaa anayekwambia "kwangu nusu bei, bro" siyo mkombozi wako. Anakuuzia karatasi.

YALIYOMKUTA DOGO

Nina binamu yangu anaendesha bodaboda hapa mjini. Nitamwita Dogo, jina lake halina haja. Pikipiki siyo yake. Anaendesha kwa mkataba, ule unaoujua: unampelekea tajiri hesabu yake kila siku, na baada ya mwaka na kitu chombo kinakuwa chako. Dogo alikuwa amebakiza miezi mitatu.

Jioni moja alibeba abiria, mama muuza dagaa, kumpeleka upande wa Dutwa. Mbele yao lori limesimama bila taa wala alama. Dogo akalikwepa, akatoka nje ya lami, wakaanguka. Mama akavunjika mkono. Dogo akavunjika paja. Pikipiki ikapinda shingo.

Tulipokwenda kuulizia bima ndipo tukajua kwamba yule tajiri alikata bima ya matumizi binafsi, kwa sababu ni nafuu kuliko ya kubeba abiria. Kampuni ikasema, na kwa mujibu wa mkataba wake ilikuwa na haki ya kusema, kwamba haikuuza bima ya pikipiki ya biashara. Mama yule hakupata kitu. Dogo ndiyo kabisa, maana hata kama bima ingekuwa sahihi, yeye si mtu wa tatu.

Ukoo ukakaa. Ng'ombe wawili wakauzwa, mmoja kwa ajili ya mkono wa mama wa watu, mwingine kwa ajili ya hospitali Mwanza. Tajiri akachukua mabaki ya pikipiki yake. Dogo alilala miezi mitano, na alipoinuka akaanza mkataba mpya kutoka sifuri.

Sasa niambieni, ile bima ilikuwa ya nini? Jibu ambalo vijana wengi watakupa pale stendi ni moja: ya trafiki. Unakata ili usikamatwe. Basi.

NANI HASA NI HATARI?

Wenzetu wamelifanyia kazi swali hili muda mrefu. Ufaransa kila dereva ana namba yake. Anaanza na 1.00. Mwaka ukipita bila ajali ya kosa lake, bei inapungua asilimia 5, na baada ya miaka 13 safi anafikia nusu ya bei. Akisababisha ajali moja, inapanda asilimia 25. Uingereza kijana anaweza kukubali kufungiwa kifaa ndani ya gari kinachorekodi jinsi anavyokimbia na kufunga breki, ili apunguziwe. Marekani, kwenye majimbo mengi, aliyekamatwa akiendesha amelewa hudaiwa cheti kiitwacho SR-22, uthibitisho wa kampuni kwamba ana bima, na bei anayokutana nayo baada ya hapo inamlaza macho. Lakini hata huko yule ambaye kampuni zote zimemkataa anawekewa utaratibu wa kugawana mzigo wake, maana ukimwacha bila bima atakayeumia ni yule wa tatu.

Sisi tumechagua njia nyingine. Kwenye bima ndogo tunapima chombo na matumizi yake, hatumpimi anayekiendesha. Mlevi na mcha Mungu bei moja.

Najua wapo watakaosema: wewe unataka bodaboda wapandishiwe bei? Hapana. Na nikiwa mkweli, kwa mfumo wa Ufaransa mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kuumia. Ukimpandishia bei kijana anayepeleka hesabu kila jioni hatakuwa dereva mwema. Atakuwa dereva asiye na bima kabisa. Atapita njia za panya, na mama muuza dagaa atabaki pale pale alipokuwa.

Ninachosema ni kwamba tuanze na zawadi kabla ya adhabu. Bei ya sasa ibaki kuwa dari. Anayemaliza mwaka bila ajali ashuke kidogo. Mwaka wa pili ashuke tena. Mwalimu wangu mstaafu angekuwa analipa kiasi cha kutabasamu. Na mimi ningekuwa na sababu ya kuwasha taa saa ya magharibi.

Kwa bima kubwa punguzo la asiyedai lipo, kampuni zinalifahamu vizuri. Anayelikosa ni huyu wa chini mwenye bima ndogo, ambaye ndiye wengi wetu.

KAMPUNI ZINA HOJA

Nimezungumza na watu wa bima, nisiwaonee. Wanasema bodaboda ni hasara. Vyombo vinabadilisha madereva kila mara, kumbukumbu hakuna, wengine hawana leseni, na ajali nyingine zinatengenezwa mezani. Utajuaje nani ni nani?

Hoja ina uzito. Lakini jibu lake lipo kijiweni.

Nendeni kwenye kijiwe chochote cha bodaboda hapa Bariadi, au hata huko kwenu Sinza au Buguruni. Waulize nani anakunywa akiwa kazini. Nani anakimbiza usiku. Nani haazimishwi pikipiki hata kwa dharura. Watakutajia kwa majina bila kufungua daftari. Kijiwe kinajua hatari kuliko mtaalamu yeyote wa hesabu za bima aliyeko Posta.

Na kijiwe tayari kinafanya bima, ila hakiiti hivyo. Mwenzao akifiwa wanachanga. Akilazwa wanachanga. Dogo alipolala wenzake walikuwa wanaleta chochote kila Jumamosi. Huku usukumani kuzikana na kusaidiana kwa vikundi hatukufundishwa na semina. Kilichokosekana ni mtu wa kuuchukua mchango ule na kuuunganisha na kampuni yenye uwezo wa kulipa hospitali, si kununua uji peke yake.

Kwa hiyo kampuni iuzie kijiwe, isimuuzie mtu mmoja mmoja. Kijiwe chenye vijana 30 kiandikishe majina, leseni na namba za pikipiki. Kikimaliza mwaka bila madai, wote wanapunguziwa. Kikiwa na mkorofi mmoja anayewaharibia, amini nakwambia watamshughulikia wenyewe kabla trafiki hajafika. Hakuna askari mkali kama mwenzako ambaye umemkosesha punguzo.

Na humo ndani awemo dereva mwenyewe. Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa. Bima ya ajali binafsi ipo sokoni, siyo kitu cha kubuni upya. Ifungwe pamoja na bima ndogo, ilipwe kidogo kidogo kwa simu. Kenya wanauziana bima ya mwezi mmoja mmoja. Kijana anayeweza kupeleka hesabu kila jioni anaweza kutoa mia chache kila jioni kwa ajili ya paja lake. Huku Simiyu, mkoa wa pamba, wapo pia wanaomiliki pikipiki kutokana na mavuno. Hao walipe baada ya kuuza pamba.

Mtasema Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, sasa dereva ana shida gani? Bima ya afya inatibu mfupa. Haileti hesabu ya tajiri kwa miezi mitano uliyolala, wala hainyooshi shingo ya pikipiki.

Mtasema pia kampuni hazitakubali kubeba mzigo huo. Mbona mwaka huo huo wa 2023 kampuni za bima ziliungana kubeba bima ya kilimo, ambayo kila moja ilikuwa inaiogopa ikiwa peke yake? Kama wameweza kugawana hatari ya ukame, wanaweza kugawana hatari ya bodaboda.

Na serikali nayo isikae pembeni. Kwenye bajeti ya 2021/22 faini ya kosa kwa bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka Sh 30,000 hadi Sh 10,000. Vijana walishangilia, na mimi niliandika habari ile kwa moyo mkunjufu. Lakini punguzo lile lilikwenda kwa wote, mwema na mkorofi. Sasa litafutwe punguzo la yule anayeendesha vizuri, na kwa kuwa viwango vya chini vinasimamiwa na TIRA, mlango wa kuanzia ni pale.

WAKATI TUKISUBIRI

Maana kusubiri tutasubiri sana, haya yafanyike kesho asubuhi:

Moja, hakiki stika yako kwenye mfumo wa TIRA kwa namba ya chombo. Ni bure na ni dakika moja. Isipoonekana, huna bima, hata kama una risiti yenye mihuri mitatu.

Mbili, taja matumizi ya kweli. Ukibeba abiria, kata ya kubeba abiria. Tofauti ya bei unayoikwepa leo ni ng'ombe utakayemuuza kesho.

Tatu, wewe wa mkataba, muombe tajiri akuonyeshe bima kabla hujasaini. Iandikwe kwenye mkataba nani anaikata na ni ya aina gani. Dogo hakuuliza.

Nne, ajali ikitokea ripoti polisi, chukua PF3, piga picha, na iambie kampuni mapema. Kuna madai yanayokufa kwa ajili ya kuchelewa, siyo kwa ajili ya sheria.

Tano, ukiona unazungushwa usiishie kulalamika kijiweni. Yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na TIRA wana ofisi ya Kanda ya Ziwa pale Mwanza.

Na wewe msomaji wa mjini unayeruka foleni kila asubuhi kwa bodaboda, usidhani hii ni stori ya Bariadi. Umewahi kumuuliza anayekubeba kama bima yake inakuhesabu? Mimi nilikuwa sijawahi, mpaka mkono wa mama wa watu ulipovunjika.

BUSEGA

Kuna tarehe sisi waandishi wa Kanda ya Ziwa hatuisahau. Januari 11, 2022, huko Busega, mkoa wetu huu huu, gari lililobeba waandishi wa habari waliokuwa kwenye msafara wa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza liligongana na Hiace. Watu wasiopungua 14 walipoteza maisha, wenzetu wakiwemo. Walikuwa wanakwenda kazini. Na waliokuwa ndani ya Hiace nao walikuwa na safari zao na watu waliowasubiri.

Kila nikipita pale napunguza mwendo. Sijui kama ni woga au ni heshima. Ninachojua ni kwamba ajali haiulizi wewe ni mwandishi, muuza dagaa au mwalimu mstaafu. Bima ndiyo ilitakiwa iulize, ili ijue namna ya kutusaidia.

Hapa Bariadi tuna utani wetu. Mgeni akiona kijana anakata kona kwa kasi atasikia watu wakisema, "Muacheni, huyo bima yake kaikatia Gamboshi." Gamboshi ni kijiji chetu chenye sifa za ndumba, na kila mtu hucheka. Dogo naye alikuwa anaucheka utani huo. Siku hizi akiusikia anashika paja lake, anawasha pikipiki, anakwenda zake polepole.

Stika yangu mpya ni ya mwaka mmoja. Nimeazimia mwakani nirudi kwa yule mayu nikiwa sijaanguka hata mara moja. Najua hataniuliza. Nitamwambia mwenyewe.

Nawasilisha.